Metodi Hajamwona Korongo

Sijapata kuona mtu anayechoka kwa kukaa kitako ila Metodi Gerginov. Theluji ikishayeyuka, kila Jumamosi asubuhi gari lao la buluu linaingia hapa Dolna Slatina kutoka Pleven, na wa kwanza kushuka ni kiti. Sitanii. Metodi hufungua buti, akatoa kiti chake cha turubai, akakikunjua chini ya mti wa plamu na kujitupa pale, kisha ndipo mkewe Tsonka anapoanza kushusha mizigo: miche ya nyanya kwenye vikopo vya mtindi, gunia la mbegu za viazi, masufuria, mikate, na jembe lenye mpini wa njano ambalo bwana alilichagua dukani kwa mbwembwe nyingi na hajaligusa tena tangu siku ile. Mchagua jembe si mkulima. Huyu alichagua, akalipa, akalileta mpaka hapa, na mkulima akawa mkewe.

Nikimwamkia kutoka kwangu hunijibu kwamba amekuja kupumzika. Kupumzika kutokana na nini, hasemi. Alistaafu zamani kutoka ghala la kiwanda cha matairi, na hata huko, kwa maelezo ya Tsonka mwenyewe, kazi yake ilikuwa kushika funguo. Wengine ndio waliofungua.

Mie ni jirani yao. Jina langu Tunu, mzaliwa wa Kondoa; masomo ya kilimo yalinileta huku Bulgaria nikiwa binti, na marehemu mume wangu Dobri, Mungu amrehemu, akanibakiza. Kijiji kizima kinaniita Tunka na nimeshazoea. Kati ya bustani yangu na yao kuna uzio wa waya tu, na macho hayana pazia. Ninachokisimulia hapa nimekiona mwenyewe nikiwa nimeshika mkasi wa kupogolea mawaridi, siyo maneno ya kuletewa.

Basi, Metodi anapenda utulivu. Ukimwuliza kitu chochote duniani, jibu lake litaishia kwenye utulivu. Wikendi ni ya utulivu, majira ya kuchipua ni ya utulivu, mtu aliyefika umri wake anastahili utulivu. Hapa kwetu ipo desturi kwamba saa nane mchana mpaka saa kumi watu hawagongi nyundo wala hawawashi mashine, na ni desturi nzuri, hata mie hulala. Lakini saa za Metodi zinaanza pale anapomaliza kifungua kinywa. Jogoo wangu ameshalalamikiwa, na kengele za mbuzi wa Stamen wa dukani vilevile. Na Jumamosi moja ya mwezi wa Machi, Tsonka akiwa ameinama anavunja mabonge ya udongo, nilimsikia bwana kwa masikio yangu haya akisema kutoka chini ya kofia yake, "Tsonka, polepole na hilo jembe. Unagonga mawe."

Mnajua yule mwanamke alifanya nini? Alipiga magoti, akayatoa yale mawe kwa mkono, moja moja, akayapanga pembeni bila kuyagonganisha, ili bwana alale. Nilitema mate palepale kwenye mawaridi yangu.

Tsonka si mjinga, msije mkamdhania hivyo. Ni mwanamke mwembamba, mkimya, aliyeshona sare za watu maisha yake yote mpaka vidole vikapinda. Bustani ile ilikuwa ya baba yake na anaijua kila futi. Siku ya kwanza ya joto huvua viatu na soksi akasimama kwenye udongo dakika kadhaa bila kufanya kitu, halafu anavaa tena na kuanza kazi. Ukimtazama wakati ule unajua kwamba mtu huyu anaipenda ardhi, na ardhi inamjua. Mumewe hajawahi kumwona akifanya hivyo, kwa sababu saa zile anakuwa amejifunika gazeti.

Wana mtoto mmoja, Ralitsa, anayeishi Valencia kule Uhispania. Huyu binti alikuwa na mimba. Mimba mbili za kwanza ziliharibika, na hii ya tatu ilikuwa imeshika mpaka kila mtu akaanza kuogopa kufurahi. Mumewe ni dereva wa malori ya masafa, leo yuko Ureno, kesho yuko Ujerumani. Mtoto alitarajiwa mwisho wa Mei. Ralitsa alimwomba mama yake aende mapema mwezi ule, akae naye mpaka majira ya joto yaishe, na tiketi alishaituma, ya baba pia akipenda kuja. Tsonka aliponieleza alikuwa anakunja nguo alizoanua kambani, na zile nguo alizikunja mara mbili bila kujua. Sikuwahi kumwona akitaka kitu kabla ya siku ile.

Na Metodi? Metodi alikuna kidevu. Mara hewa ya ndege inamziba masikio, mara vitunguu nani atavipalilia, mara Uhispania kuna kelele. Hakusema hapana, maana hapana ni neno la mtu mwenye msimamo. Alisema tutaona.

Sasa hapa lazima niwaambie habari ya uzi. Tarehe mosi Machi kila mtu hapa hufungwa uzi mwekundu na mweupe mkononi, mtoto na mzee, daktari na mchunga mbuzi. Unakaa nao mpaka umwone korongo wa kwanza anayerudi kutoka kusini, kisha unauvua na kuufunga kwenye tawi la mti wa matunda. Sehemu nyingine wanauvua mti wowote ukichanua, lakini kijijini kwetu ni korongo tu. Na namna utakavyomwona ndiyo itakavyokuwa mwaka wako. Ukimwona anaruka, utasafiri na utakuwa na nguvu. Ukimwona amesimama, basi wewe ni mvivu mpaka Machi nyingine, na watu watakuchekea kwa haki kabisa.

Mie kwetu Kondoa korongo hawahawa huja kufuata nzige mashambani, na hakuna aliyewahi kumwuliza ndege ruhusa ya kwenda kwa mwanawe. Lakini ukiwa Slatina unafuata ya Slatina. Uzi ninavaa.

Siku ile ya uzi, ambayo Metodi na mkewe walikuja ingawa haikuwa Jumamosi, tulikuwa wengi dukani kwa Stamen, ambapo pia ndipo tunapokunywa kahawa. Tsonka alimfunga mumewe uzi, na kwa vile alikuwa na ushahidi wa watu, akamwuliza taratibu kuhusu Valencia. Metodi aliona macho yote yamemgeukia. Akavuta pumzi, akainua mkono wenye uzi, akatangaza kwamba mwanamume haamui mambo makubwa kwa pupa. Tutamwuliza korongo, alisema. Akimwona anaruka, wataenda Valencia wote wawili. Akimwona amesimama, watabaki wote wawili, yeye na mkewe, na pasiwe na manung'uniko. Stamen akagonga meza kwamba ahadi imesikika. Tsonka akasema sawa, ahadi ni ahadi.

Kiota cha korongo katika kijiji hiki kipo juu ya nguzo ya umeme, na nguzo yenyewe iko mbele ya lango la nani? La Metodi.

Kuanzia hapo tukaona vituko. Jumamosi iliyofuata gari liliposimama, Metodi alishuka kofia ikiwa imemfika puani. Tsonka alimshika mkono kumvusha langoni, kumpitisha kwenye ngazi, mpaka kitini. Mtu mzima na tumbo lake, anaongozwa kama bibi harusi. Mwanzoni nilimhurumia kidogo, nikadhani anamlinda mkewe, hataki kumkuta ndege amesimama pale juu ya nguzo na kumharibia safari. Niliposimulia hivyo dukani, Stamen alinitazama kwa huruma akaniuliza nimekaa na Wabulgaria miaka mingapi mpaka leo sijajifunza.

Kweli sikuwa nimefikiri. Metodi hakutaka korongo anayeruka, kwa sababu angelazimika kuinuka na kwenda Valencia. Na korongo aliyesimama hakumtaka, kwa sababu kijiji kizima kingemwita mvivu, na kwa kuwa ni mvivu kweli, neno lile lingemwuma kuliko lingemwuma mtu mwingine yeyote. Alitaka asimwone korongo kabisa. Aishi chini ya kofia, siku zipite, mtoto azaliwe, mambo yawe yamekwisha bila yeye kuinua mkono wala kuitwa jina. Huo ndio utulivu wake.

Wakafika, korongo wetu. Jumamosi ya mwisho ya Machi, jua limetoka la kupasua mgongo, mti wa plamu umechanua mweupe wote. Tsonka alikuwa anapanda vitunguu, amempa mumewe mgongo. Metodi yuko kitini, kofia usoni, gazeti kifuani, anakoroma kwa mtindo wake wa kuvuta hewa na kuisahau. Mie niko kwenye mawaridi.

Kivuli kikapita juu ya mabati ya banda langu. Nikainua kichwa, na Tsonka akainua chake. Korongo mmoja, mabawa yamenyooka, alizunguka juu ya kanisa, juu ya duka, juu yetu, anashuka pole pole. Tsonka aliinuka, akajifuta paji la uso kwa kiwiko, akamtazama mpaka akapotea nyuma ya paa. Alikuwa anacheka peke yake, bila sauti. Akafungua uzi wake kwa meno, akaenda akaufunga kwenye tawi la plamu juu kabisa ya kichwa cha mumewe aliyelala, kisha akarudi kwenye vitunguu vyake.

Haukupita muda, ndege yule akatua palepale bustanini. Udongo ukiwa umegeuzwa huwa una minyoo, na korongo si mjinga. Akawa anatembea nyuma ya Tsonka, hatua ndefu, anadonoa, anadonoa, mpaka akafika mbele ya kiti. Hapo akasimama. Akakunja mguu mmoja. Na Metodi, kwa kuwa kahawa yake ya saa nne ilikuwa imechelewa, akaondoa kofia ili aite.

Walitazamana. Naapa kwa kaburi la Dobri, walitazamana uso kwa uso, umbali ambao wangeweza kupeana sigara. Korongo akarudisha kichwa nyuma akagonganisha mdomo, ka-ka-ka-ka-ka, kama wafanyavyo. Kiti kililia chini ya Metodi. Kisha nikamwona yule bwana akiirudisha kofia usoni, taratibu, na juu ya kofia akaongeza gazeti.

"Tsonka," sauti ikatoka chini ya gazeti, "kahawa."

Nilizunguka kwa nyuma nikamkuta Tsonka bombani anajaza birika, nikafungua mdomo nimmwagie yote. Hakunipa nafasi. Aliniwekea kiganja chenye udongo mkononi akasema, "Tunka, kama ni habari ya Metodi, mwache aniambie mwenyewe." Nikadhani hajui. Nikadhani, maskini, hataki hata kujua.

Jioni ile, wakati wa kukusanya zana, nilimsikia akimwuliza mumewe kama amemwona korongo. Metodi akasema bado. Akaongeza kwamba mwaka huu wamechelewa, labda ni hali ya hewa.

Aprili ikaingia. Korongo walijaa. Walikuwa kwenye malisho, walikuwa mtoni, walikuwa nyuma ya trekta la Stamen kwa makundi, na wale wa kwenye nguzo walikuwa wameshaanza kugombana na kupatana mchana kutwa juu ya lango la Metodi, wakidondosha vijiti na mavi kwenye gari lake la buluu. Alilifuta gari. Yaani alimwagiza Tsonka alifute. Akaulizwa haya yametoka wapi, akajibu ni njiwa.

Watu walikuwa wameshauvua uzi zamani, miti yote ya kijiji inapepea nyekundu na nyeupe, na mkono mmoja tu ndio uliobaki nao. Uzi wa Metodi ulikuwa umeshakuwa wa rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Dukani hawakumpa nafuu. Stamen alimwuliza kama korongo wake kapitia Australia. Mkewe Stamen, mama mzito anayeuza nyuma ya kaunta na hacheki ovyo, alimshauri avae uzi ule mpaka Krismasi, utamfaa kufungia soseji. Mie nikamwambia, Mzee Metodi, kwetu kuna daktari wa macho mzuri sana, wala hatumii korongo. Metodi alitabasamu kwa wote akaagiza rakia, ile pombe kali ya hapa. Hana haya hana soni, na njia ya mwongo ni fupi, lakini ya huyu ilikuwa inarefushwa na uvumilivu wa mkewe.

Maana Tsonka alikuwa anangoja. Alipaka chokaa mashina ya miti yote, mpaka kimo cha kiuno, huku bwana akimwelekeza kwa kidole mahali alipopasahau. Alipanda viazi. Alichuma yale majani yanayowasha, akampikia supu yake ya kijani. Kila Jumamosi jioni alimwuliza swali lilelile, kwa sauti ileile, umemwona, na alijibiwa bado. Hakuongeza neno. Ningekuwa mie ningelikwisha kumwaga ile supu mapajani mwake.

Kila Jumapili alasiri Ralitsa alipiga simu. Tsonka huiweka kwenye dirisha la jikoni apate mtandao, kwa hiyo niliyasikia yote. Siku ya Pasaka, mayai mekundu yakiwa bado mezani, binti aliuliza tena kama mama anakuja. Tsonka akamwambia baba bado hajamwona korongo. Upande wa pili ikaja sauti ndogo, "Mama, nitakuwa peke yangu?"

"Namsubiri baba yako," Tsonka akasema, na alimtazama mumewe pale chini ya plamu alipokuwa anamenya yai. Alimtazama kwa muda mrefu. Niseme ukweli, ningekuwa mwanamume, kwa mtazamo ule ningeungama hata dhambi za babu yangu. Metodi alimaliza yai, akapangusa vidole, akaomba wapunguze sauti, simu za kulia zisipigwe wakati wa mapumziko.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo ulikuja siku ya Mtakatifu Georgi, mwanzo wa Mei, ambayo mwaka ule iliangukia Jumamosi. Siku hiyo kila nyumba huchinja mwanakondoo. Walikuwa wamekuja tangu Ijumaa. Tsonka aliamka alfajiri, akaoka wa kwao, akatandika meza chini ya plamu, akatualika mie na Stamen na mkewe. Nyama ilikuwa laini, saladi ya vitunguu vichanga ilitoka kwenye matuta yake. Metodi alikaa kichwani mwa meza. Alivuta kiti chake cha turubai mpaka pale, hakutaka cha mbao.

Akainua glasi. Akatutakia afya, kazi njema na utulivu. Akasema tule bila haya, vyote mezani vimetoka kwenye ardhi hii, na kwamba mwaka huu amepanda vitunguu vingi kuliko mwaka jana ijapokuwa mgongo unamsumbua. Stamen alijifanya anakohoa. Mie nilimtazama Tsonka. Alikuwa anapangusa mikono kwenye aproni, pole pole, kidole kimoja kimoja. Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amevua aproni, amevaa koti lake la mjini, na mkononi ana mkasi wa cherehani.

Akamshika Metodi mkono wenye uzi. Bwana akadhani anapendwa, akacheka na sisi.

"Metodi, umemwona korongo?"

"Mbele za watu, Tsonka? Nimeshakwambia, bado."

"Mbele za watu ndipo ulipoahidi." Sauti yake ilikuwa ileile ya kuulizia chumvi. "Siku ya vitunguu nilikuwa nimekupa mgongo. Lakini nilimsikia amegonga mdomo nyuma yangu, na nikasikia kiti chako. Nikageuka. Ulikuwa unavuta gazeti."

Metodi aliivuta glasi yake karibu.

"Nilingoja uniambie," Tsonka akaendelea. "Kila Jumamosi nilikuuliza. Ungesema tu, Tsonka, alikuwa amesimama, mie ningebaki. Nilishajiandaa kumwambia mtoto asiningoje. Ahadi ni ahadi. Ningekulimia na kukupikia na nisingekulaumu hata siku moja." Mkasi ukakata. Uzi ule mchafu ukaanguka karibu na mfupa wa kondoo. "Lakini wewe hujaona. Basi katika nyumba hii aliyemwona korongo ni mimi peke yangu, na wangu alikuwa anaruka."

Mie nimeshuhudia maneno mengi katika maisha yangu, ya misibani na ya mahakamani, lakini hayo yalinikaa kifuani. Neno moja. Angekubali kuitwa jina lake halisi, mara moja, mbele ya mtu anayempenda, mwanamke yule angekaa mpaka kufa. Alimpoteza kwa kuogopa kuitwa mvivu na mtu aliyekwisha kumjua kuwa ni mvivu tangu siku ya harusi.

Na mnadhani Metodi alisema nini? Nilimsubiri nami. Nilidhani basi hata huyu, hapa, atapata neno. Alitutazama mmoja mmoja, kisha akamtazama mkewe, na kwa dhati kabisa, kwa sauti ya mtu aliyeonewa, akauliza:

"Na vitunguu?"

Tsonka alikwenda kuchukua begi. Lilikuwa tayari nyuma ya mlango. Stamen akawasha gari lake, na walipokuwa wanatoka langoni korongo wote wawili walikuwa wamesimama juu ya nguzo, wanadondosha vijiti.

Metodi bado anakuja wikendi. Gari linasimama, buti linafunguliwa, kiti kinashuka, na baada ya hapo hakuna kinachoshuka tena. Miche ya nyanya ilikauka kwenye vikopo vyake vya mtindi pale ngazini. Magugu yamevipita vitunguu. Hakuna anayegonga mawe. Jumamosi ya kwanza alikuja kwenye uzio akaniuliza kama nina supu. Nilimpa, kwa sababu kumnyima mtu chakula si malezi niliyopewa, lakini sikumpa na mazungumzo. Alikunywa amekaa, akarudisha bakuli bila kuliosha.

Mwisho wa Mei, Jumapili alasiri, simu yangu ikalia, ya video. Alikuwa Tsonka. Amenenepa kidogo, nywele amezifunga kitambaa, na kifuani amebeba kitu kidogo chekundu kinachopiga kelele za kutoboa ukuta. Msichana, mzima, kilo zote zimetimia. Ralitsa alikuwa amelala nyuma yake na mdomo wazi. Nililia, mie mtu mzima, nikalia mpaka kuku wakakimbia. Mtoto naye hakunyamaza, alilia hivyohivyo kwa nguvu zake zote, na Tsonka wala hakumbembeleza anyamaze. Alimwacha apige kelele.

Kelele zile zilivuka uzio. Nikaona kofia inainuka, kisha bwana mzima anainuka, anakuja mpaka kwenye waya. Aliuliza ni nani anayelia. Nikamwambia ni mjukuu wako, nikageuza simu waonane. Nisiwafiche, hata mie wakati ule nilisahau dharau yangu. Nilijiambia, haya, Metodi, mlango huo umefunguliwa, ingia.

Alimtazama mtoto. Alimtazama mkewe. Mkono wake mtupu ulikuwa umeshika waya.

"Tsonka," akasema, "kahawa huwa unaiweka wapi?"

Mtoto alikuwa bado analia. Tsonka akamhamishia bega la pili, akampigapiga mgongoni, na alipojibu hakuwa na hasira hata chembe.

"Kabatini, Metodi. Rafu ya juu. Itabidi usimame."